RAM ya kompyuta za zamani: chipu ipi inaingia mahali pa ipi

Ingia duka la kompyuta Luthuli Avenue, Nairobi, uulize RAM, na swali la kwanza utakalopata ni "DDR ngapi?", yaani aina gani ya RAM ya kisasa. Kwa mwenye laptopu swali hilo ni sawa kabisa. Kwa mwenye Commodore 64 au ZX Spectrum iliyokaa stoo tangu miaka ya themanini, halina jibu. Hapo ndipo maneno huanza kupishana. Mwenye duka anasema chipu hizo zilikwisha duniani. Fundi wa mlango wa pili anasema yoyote yenye miguu 16 itaingia. Muuzaji wa mtandaoni anaapa kwamba chipu yenye namba 41256 ni bora kuliko yenye 4164 kwa sababu ni kubwa mara nne. Wa kwanza amekosea, wa pili anaweza kukuunguzia mashine, na wa tatu anasema nusu ya ukweli.

RAM ni kumbukumbu ya muda: kila kitu ambacho kompyuta inakifanyia kazi sasa hivi kinakaa humo, na stima ikikatika kinapotea. Kwenye laptopu huja ikiwa kijiti chenye chipu kadhaa. Kwenye kompyuta za nyumbani za mwisho wa miaka ya sabini na za miaka ya themanini hakuna kijiti. Chipu zenyewe zimelehemiwa au kuchomekwa moja kwa moja kwenye bodi, mara nyingi nane kwa safu. Ni nane kwa sababu baiti moja ina biti nane, na kila chipu hubeba biti moja tu ya kila baiti. Chipu moja ikifa, haupotezi sehemu ya nane ya kumbukumbu. Unapoteza biti moja katika kila baiti, na kwa kawaida mashine haiwaki kabisa.

Namba ndefu zilizo mgongoni mwa chipu zinasomeka bila shida ukishajua mpangilio. 4116 ni kilobiti 16, biti moja kwa wakati. 4164 ni kilobiti 64, biti moja kwa wakati. 41256 ni 256. Zote tatu zina miguu 16. Halafu kuna familia inayotoa biti nne kwa pamoja, nayo ina miguu 18: 4416 ina anwani (nafasi za kuhifadhi) 16K, na 41464, inayoitwa pia 4464, ina anwani 64K. Ndiyo maana Commodore 64 za mwanzo zina chipu nane za 4164 huku bodi za baadaye zikiwa na chipu mbili tu za 41464. Jumla ya kumbukumbu ni ileile, lakini chipu za bodi moja haziingii kwenye nyingine.

Ili kuelewa kwa nini baadhi ya chipu hubadilishana na nyingine hukataa, fikiria ploti ya nyumba za kupanga kule mtaa wa Pipeline, ila hii ina ghorofa 256 na kila ghorofa ina milango 256. Mgeni hataji nyumba kwa mkupuo mmoja. Kwanza anataja ghorofa, kisha kwa mdomo uleule anataja mlango. Chipu hufanya hivyohivyo: miguu minane ya anwani hupokea namba ya ghorofa, halafu miguu hiyohiyo hupokea namba ya mlango. 256 mara 256 ni 65,536, na hiyo ndiyo 4164. Ile 4116 ina miguu saba ya anwani, yaani 128 mara 128, sawa na 16,384. Na 41256 ina miguu tisa. Mguu mmoja ukiongezeka, ghorofa zinakuwa maradufu na milango inakuwa maradufu, kwa hiyo ukubwa unapanda mara nne.

Kila chumba cha ploti hii ni kapasita, kifaa cha kushika chaji ya umeme, ndogo sana na inayovuja. Isipohuishwa, yaani kujazwa chaji upya, ndani ya milisekunde chache, husahau. Bahati nzuri, kugonga mlango mmoja huhuisha ghorofa nzima, kwa hiyo kompyuta inahitaji tu kupita kila ghorofa kwa wakati. 4116 hutaka ghorofa 128 zipitiwe ndani ya milisekunde 2. Kwa 4164 watengenezaji waligawanyika: wengine walitengeneza zinazoridhika na mapito 128 ndani ya milisekunde 2, wengine, kama TMS4164 ya Texas Instruments, wakataka 256 ndani ya milisekunde 4. Tofauti hiyo haiandikwi mgongoni mwa chipu. Utaikuta kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji tu, na karatasi hizo zinapatikana bure kwenye intaneti.

Tofauti hiyo ina uzito kwenye mashine zenye prosesa ya Z80, kwa sababu kihesabu cha kuhuisha kilichomo ndani ya Z80 huhesabu biti saba tu, yaani ghorofa 128. Mashine inayotegemea kihesabu hicho peke yake inaweza kukataa chipu ya kundi la pili, au mbaya zaidi, ikawaka vizuri halafu ikaanza kusahausahau. Kwenye Commodore 64 hakuna wasiwasi huo. Chipu ya video, VIC-II, ndiyo inayohuisha kumbukumbu, ina kihesabu cha biti nane, na hupita ghorofa tano kwa kila mstari wa skrini. Makundi yote mawili yanakubalika hapo.

Volti ndizo zinazoua

Kama una nafasi ya kukumbuka jambo moja tu katika makala haya, liwe hili: 4116 na 4164 zina umbo moja, idadi moja ya miguu, na zinaingia soketi moja bila kusukumwa, lakini hazitumii umeme mmoja.

4116 ni ya kizazi cha kwanza na inataka umeme wa aina tatu. Mguu wa 1 ni volti 5 hasi. Mguu wa 8 ni volti 12. Mguu wa 9 ni volti 5. Mguu wa 16 ni graundi. 4164 inataka volti 5 pekee, na inazitaka kwenye mguu wa 8. Mguu wa 16 umebaki graundi, mguu wa 9 umekuwa wa anwani, na mguu wa 1 kwa nyingi haujaunganishwa na chochote. Chomeka 4164 mahali pa 4116 na utakuwa umeipa volti 12 mahali inapotaka 5. Haichukui muda.

Kuna mtego mwingine hapohapo unaowanasa hata mafundi wenye uzoefu. Chipu nyingi za kawaida za mfululizo wa 74 zenye miguu 16 zina graundi kwenye mguu wa 8 na volti 5 kwenye mguu wa 16. Kwenye 4164 ni kinyume. Fundi aliyezoea 74LS akipima bodi na kukuta volti 5 kwenye mguu wa 8, anadhani mtu ameigeuza chipu, mbele nyuma. Haikuwekwa vibaya. Usimruhusu aigeuze.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, jua mashine yako inatumia nini. TRS-80 Model I, Apple II Plus na ZX Spectrum (kilobaiti 16 za chini) hutumia 4116. Commodore 64 za mwanzo, Apple IIe, Atari 800XL na Amstrad CPC 464 hutumia 4164. BBC Micro Model B ina chipu 16 za aina ya 4816, ambayo ni kilobiti 16 kama 4116 lakini inatumia volti 5 pekee. 4116 haifai huko hata kidogo. BBC pia ina haraka: prosesa na skrini hupokezana kumbukumbu hiyo mara milioni 4 kwa sekunde, ndiyo maana kiwanda kiliweka chipu za nanosekunde 100.

Je, 4164 inaweza kugeuzwa ikafanya kazi ya 4116? Ndiyo, na kwa kuwa 4164 ni rahisi zaidi kupata, wengi hufanya hivyo. Pinda mguu wa 1 na mguu wa 8 vitoke nje, visiguse soketi. Unganisha mguu wa 8 na mguu wa 9 kwa waya mwembamba juu ya chipu. Soketi inaleta volti 5 kwenye mguu wa 9, kwa hiyo sasa chipu inapata umeme wake, na mguu wa anwani wa ziada umefungwa kwenye volti 5 daima. Yaani unatumia nusu moja ya ghorofa na nusu moja ya milango, basi. Ongeza kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 8 na wa 16, kwa sababu ile iliyokuwa kwenye bodi sasa inalinda volti 12 isiyotumika. Chipu moja iliyogeuzwa hivi inaweza kukaa katikati ya 4116 saba za asili bila ugomvi. Kosa la kawaida ni mguu wa 8 kupindwa nusunusu, ukarudi kugusa soketi siku mashine inapofunikwa.

Epuka MCM6664 ya Motorola kwa kazi hii. Mguu wake wa 1 una shughuli ya kuhuisha na haufai kuachwa ukielea. Ndugu yake MCM6665 haina tatizo hilo.

Kwa Spectrum, usiweke chipu mpya yoyote kwenye safu ya chini kabla ya kupima umeme. Volti 12 na volti 5 hasi hutengenezwa ndani ya mashine na saketi ndogo yenye transista TR4. TR4 ikiharibika na volti 5 hasi ikapotea, 4116 hufa, wakati mwingine kadhaa kwa pamoja. Mtu akibadilisha chipu bila kugusa chanzo, anachoma nyingine. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye mguu wa 16 wa IC6, chipu ya kwanza ya safu ya chini, na nyekundu kwenye 1, 8 na 9. Ukikosa hata moja kati ya zile tatu, kazi ya chipu isubiri.

Na kabla ya hapo, angalia adapta. Spectrum hutumia volti 9, na tundu lake lina hasi katikati. Adapta nyingi zinazouzwa madukani Nairobi zina chanya katikati. Zinaingia vizuri tu. Kuchomeka adapta kinyume ni njia ya haraka ya kupoteza TR4 na safu ya 4116 kwa mpigo mmoja. Commodore 64 nayo ina ugonjwa wake: ile transfoma nzito ya asili, kidhibiti chake cha volti 5 kikichoka, hupandisha volti badala ya kuzishusha, na chipu za RAM ni miongoni mwa za kwanza kuumia. Pima kabla ya kuchomeka. Ikisoma zaidi ya 5.25, iweke kando na utafute nyingine. Nyumba yenye stima inayokatika na kurudi kwa kishindo haiisaidii.

Jina si moja

Tatizo la pili la mnunuzi ni kwamba alama za 4164 hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Fujitsu waliiita MB8264, Hitachi HM4864, Mostek MK4564, OKI MSM3764, Mitsubishi M5K4164, Intel 2164, na Micron MT4264. Hizo zote ni familia moja. Kwa 4116, tafuta pia HM4716 ya Hitachi, MB8116 ya Fujitsu na µPD416 ya NEC. Kwa 41464, HM50464 na MB81464. Wanaofungua Commodore 64 mara kwa mara hawazipendi zile za Micron zenye MT4264, kwani hufa mara nyingi kuliko nyingine. Ukizipata zimelehemiwa na mashine inasumbua, anza nazo.

Usichanganye jina na tarehe. Chipu nyingi zina tarakimu nne pembeni, kwa mfano 8342, maana yake wiki ya 42 ya mwaka 1983. Wapo walioagiza "8416" wakidhani ni aina ya chipu.

Kistari mwishoni ni mwendo. -15 kwa kawaida ni nanosekunde 150, -20 ni 200, -12 ni 120. Namba ndogo ni haraka zaidi. Tarakimu moja peke yake haina maana moja kwa wote: kwa Mostek, MK4116-2 ni nanosekunde 150, -3 ni 200, -4 ni 250, lakini mtengenezaji mwingine ana hesabu yake. Kanuni yenyewe ni fupi: ya haraka inaweza kukaa mahali pa ya polepole, si kinyume. Na hapana, chipu ya haraka haiharakishi kompyuta. Mwendo unaamuliwa na saa ya mashine. RAM inangoja tu kuulizwa.

Ile 41256 ya muuzaji wa mtandaoni? Kwenye Commodore 64 inafanya kazi mahali pa 4164. Tofauti iko kwenye mguu wa 1, ambao kwa 41256 ni wa anwani ya tisa na kwenye bodi hauendi popote. Uunganishe na graundi, mguu wa 16, la sivyo utaelea na chipu itakuwa ikiruka kutoka robo moja ya ploti hadi nyingine. Ukishaufunga, robo tatu za chipu hazitaguswa kamwe, na mashine itabaki na kilobaiti 64 zake. Ukubwa haukuongezei kitu. Lakini ikiwa ndiyo pekee uliyopata, chukua.

Spectrum ya kilobaiti 48 ina kichekesho chake. Safu yake ya juu ilijengwa kwa chipu za 4532, ambazo kwa kweli ni 4164 zilizofeli nusu moja kiwandani zikauzwa kwa bei ndogo. Waya mdogo kwenye bodi huiambia mashine itumie nusu ipi. 4164 nzima inafaa hapo bila kugusa waya huo, kwa kuwa nusu zote mbili ni nzima.

Kujua ni ipi iliyokufa

Kubadilisha nane zote "ili kuwa salama" ni kuharibu bodi. Shimo moja la bodi ya zamani linaweza kung'oka ukilipasha joto mara mbili, na chipu nane zina mashimo 128.

Spectrum inayowaka lakini inakataa programu kubwa ni rahisi kuichunguza. Andika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Jibu la 65535 maana yake mashine imeona kilobaiti 48 zote. 32767 maana yake haikuona safu ya juu. Sasa andika POKE 40000,0 kisha PRINT PEEK 40000. Ulipaswa kupata 0. Ukipata 4, biti yenye thamani ya 4 imekwama juu, yaani biti ya D2. Safu ya juu huanza na IC15 kwa D0, IC16 kwa D1, kwa hiyo mgonjwa ni IC17. Ukipata 20, hiyo ni 16 na 4: IC19 na IC17. Rudia na 255 uone kama kuna biti iliyokwama chini. Lakini ukipata upuuzi mtupu kila mahali, usiamini kwamba chipu nane zilikufa siku moja. Shuku IC25 na IC26, ambazo ndizo zinazotaja ghorofa na mlango.

Commodore 64 yenye skrini nyeusi haikupi nafasi ya kuandika chochote. Kuna katriji ya uchunguzi inayomulikamulika skrini, na idadi ya mimuliko huonyesha biti iliyofeli. Bila katriji, washa mashine dakika moja na ugusie kila chipu kidole: yenye shoti ndani huchoma kuliko jirani zake. Kama zote ni vuguvugu sawasawa, chunguza umeme na chipu ya PLA, ile inayoamua chipu ipi isomwe wakati gani, kabla ya kulaumu RAM.

Wapo wanaobandika chipu nzima juu ya ile inayoshukiwa, mguu kwa mguu, na mashine ikiwaka wanasema wamempata. Ikiwaka, ni kweli. Isipowaka haithibitishi kitu, kwa sababu chipu mbovu ya chini bado inavuta waya kwa nguvu.

Kuitoa, kata miguu karibu na mwili wa chipu, itupe, kisha pasha kila kipande cha mguu peke yake na ukivute kwa kibano. Mguu wa graundi huchelewa kuyeyuka. Ongeza lehemu mpya kidogo badala ya kuongeza nguvu. Weka soketi, na kabla ya kuwasha pima kwamba hakuna miguu miwili iliyogusana.

Nairobi utazipata wapi

Soketi, kapasita na waya ni vya kawaida Luthuli na River Road. Chipu zenyewe mara nyingi hazimo kwenye orodha ya duka lolote, ila zimo kwenye takataka. Bodi za kompyuta za ofisi za wakati wa IBM XT zina safu za chipu tisa badala ya nane, kwani ya tisa hukagua makosa. Safu moja ya 4164 inatosha Commodore 64 nzima na kukuachia moja ya akiba. Bodi ya XT ya kilobaiti 640 ina safu mbili za 41256 na mbili za 4164. Kadi za zamani za skrini mara nyingi zina 4464. Muuza skrapu anayeuza bodi kwa kilo hajui tofauti na hana sababu ya kujua. Nenda na orodha ya majina yale niliyotaja, na tochi. Vijiti vya RAM vya kisasa viache. Chipu za DDR hufanya kazi kwa volti chini ya 3 na kwa mfumo tofauti kabisa, na hakuna waya utakaozipatanisha na mashine ya mwaka 1982.

Ukiagiza ng'ambo, agiza kumi kwa mahitaji ya nane. Chipu zilizopakwa rangi na kuandikwa jina jipya ni nyingi. Dalili zake ni mgongo uliosuguliwa hadi kishimo kinachoonyesha mguu wa kwanza kukaribia kutoweka, maandishi meupe mno, na chipu kumi zenye tarehe ileile lakini matumbo ya rangi tofauti. Pamba yenye asetoni ikifuta jina lote na mgongo ukabaki na mikwaruzo, umeuziwa hadithi. Zikifika zimechomekwa kwenye stairofomu nyeupe badala ya sponji nyeusi inayopitisha umeme, tarajia kwamba baadhi zimeshakufa kwa umemetuli njiani.

Arduino Uno na soketi ya miguu 16 vinatosha kupima 4164 na 41256 mezani kabla ya kulehemu chochote, na programu za kupimia zipo bure. 4116 haipimiki hivyo bila chanzo cha ziada cha volti 12 na 5 hasi. Na ukikiunda, ile 5 hasi itangulie kuwaka na iwe ya mwisho kuzimwa.